Siku Chuo Kilipoazima Choo

Chuo Kikuu cha Kalindipur kilielewa siku ya Jumanne, mara baada ya chakula cha mchana. Kabla ya hapo hakikuwa kimeelewa. Nasema kwa uhakika kwa sababu mimi, Prabhas Samaddar, Naibu Msajili (Utawala na Mambo Mengineyo), ndiye niliyeandika tangazo, nikaligonga muhuri, nikalibandika kwa mkono wangu kwenye mlango wa maktaba. Lilisema: "Umma unaarifiwa kwamba Chuo kimeielewa jinsia ya tatu kikamilifu, na kitaendelea kuielewa hadi itakapotangazwa vinginevyo."

Msukumo wa kuelewa ulitoka Delhi. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba watu waliozaliwa wakaitwa wavulana na kumbe ni wasichana, au kinyume chake, au wasiokuwa huku wala kule, ni raia kama raia wengine, na taasisi zote ziwape nafasi yao. Serikali ikatuletea waraka. Makamu Mkuu wa Chuo chetu, Profesa Bhabatosh Lahiri, aliusoma, akavua miwani, akaniuliza kama chuo jirani kimeshaelewa. Nikamjibu kwamba tetesi zinasema kitaelewa Ijumaa. Ndiyo maana sisi tukaelewa Jumanne.

Tuliandaa Wiki ya Uelewa. Palikuwa na mabango, hotuba, na vijaluba vya peremende za maziwa kwa wageni waalikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwelewa. Makamu Mkuu alitaka mtu huyo avishwe koja la maua mbele ya waandishi wa habari, na koja halivishwi hewani. Nikapewa gari la Chuo, nikaenda kituo cha reli, ambako wanawake wa jinsia ya tatu huwabariki wasafiri na watoto wachanga kwa nyimbo na makofi. Mkubwa wao, mama mmoja mnene aitwaye Chameli, alinisikiliza hadi mwisho huku akitafuna tambuu. Kisha akasema, "Mwenzetu mnaye humo humo chuoni, baba. Anasoma fizikia. Mkamvishe yeye, sisi tuna kazi."

Nilirudi nikauliza, na ikathibitika. Jina lake Rupsha Bairagi, binti wa mfuma nguo, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini na saa kubwa ya marehemu baba yake mkononi. Alikuwa kwetu tangu mwaka uliotangulia. Tena nilimkumbuka, maana alishafika ofisini kwangu akiomba aitwe darasani kwa jina lake hilo badala ya lile la kiume alilopewa utotoni, nami nikamshauri awe na subira. Kumbe hakuwa nayo. Yeye na rafiki yake Ishani Poddar, mwanafunzi wa sheria mwenye ulimi kama wembe, walikuwa wameigiza mchezo langoni, wameandika kuta, wameendesha mijadala mezani kwenye kantini hadi bisi za mchele zikawaishia. Darasa zima la fizikia lilikuwa limegoma kuitika majina mpaka mwalimu alipokubali kumwita Rupsha. Harakati zote hizo zilifanyika bila kibali, kwa hiyo kihistoria hazikuwepo.

Siku ya kilele tukamvika koja. Kamera zikalia. Makamu Mkuu akamkabidhi kipaza sauti ili ashukuru kwa niaba ya wote walioeleweka.

"Nashukuru kwa maua," alisema Rupsha. "Nimefurahi kwamba chuo kimeelewa. Sasa naomba kuuliza: choo kiko wapi?"

Wanafunzi walipiga makofi mengi kuliko walivyoipigia hotuba yoyote ya wiki ile. Mkalimani wa wageni akadhani amesikia vibaya.

Hapa inafaa nieleze hali ya vyoo. Cha wanaume Rupsha aliwahi kuingia mara moja tu. Vijana wakamfungia kwa nje na kummwagia maji kwa juu. Baada ya hapo Ishani na wenzake wakawa wanamchukua kwenye cha wanawake, na kwa miezi kadhaa hapakuwa na mwanamke aliyelalamika. Aliyelalamika alikuwa profesa mmoja mwanamume, ambaye hatumii choo hicho. Ofisi yangu ikatoa waraka, nao ukasainiwa na Makamu Mkuu, kwamba kila mtu atatumia choo cha jinsia yake kama ilivyoandikwa mlangoni. Na ambaye jinsia yake haijaandikwa kwenye mlango wowote atasubiri uandikwe. Atakayekiuka atasimamishwa masomo, awe nani awe nani. Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza mimi, kwa ajili ya uzito.

Hivyo Rupsha akawa akibanwa anapanda baiskeli, anavuka reli, anakwenda kuomba kwenye kituo cha mafuta. Mihadhara miwili ikifuatana hawezi kwenda na kurudi. Basi akaacha kunywa maji.

Chuo hakikukaa kimya. Kiliunda Kamati Maalumu ya Haja, chini ya Profesa Nirmalendu Bagchi wa siasa, mtu makini sana, ambaye kwa muda mrefu alikuwa anakitazama kiti cha Makamu Mkuu kama paka anavyotazama samaki akiparwa. Wajumbe walikuwa wanaume watupu, kila mmoja na choo chake nyumbani. Kwa kuwa suala lilikuwa zito, Kamati iligawanyika: kamati ndogo ya haja ndogo, na kamati ndogo ya haja kubwa. Hizo mbili zilikaa siku tofauti ili zisiathiriane kimawazo.

Rupsha aliitwa kutoa maoni. Akaeleza kwamba haombi kujengewa kitu. Yeye ni mwanamke, choo cha wanawake kipo, wenye nacho wanamkaribisha. Kinachohitajika ni kufuta waraka tu. Kamati ilimsifu kwa ufasaha wake, ikaandika kwamba mdau ameomba jengo.

Likaja suala la mahali. Wengi walipendekeza nyuma ya bwawa, ng'ambo ya mianzi, kwa kulinda faragha. Ishani, ambaye alikuwa hakualikwa lakini alikuwepo, akauliza kama wataweka na treni ya kumfikisha huko. Swali lake likapelekwa kwa wataalamu. Mwishowe tukaweka jiwe la msingi, marmaru safi, lenye jina la Makamu Mkuu, la Profesa Bagchi, la wajumbe wote, na langu chini kabisa, likiwa limekosewa herufi. Nyuma ya jiwe hapakujengwa kitu. Mbuzi wa kijiji cha pili walilipenda kwa kujikunia.

Ndipo ikaingia Mei, ile Mei yetu ya jua la kupasua kichwa. Siku moja Rupsha alikuwa maabara, akipima kitu kwenye mizani, akaanguka. Ishani na wenzake walimbeba hadi hospitali ya wilaya. Figo zilikuwa zimeshambuliwa. Daktari alimuuliza kwa nini hanywi maji katika joto kama hili. Akamjibu kwamba anasoma chuo kikuu.

Nilitumwa kumpelekea maua. Nilimkuta amelala na dripu mkononi, midomo imepasuka, ile saa kubwa imelegea kwenye kifundo. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni akimpepea kwa gazeti. Hakunilaumu. Aliyapokea maua, akatafuta mahali pa kuyaweka, akakosa, akayarudisha mapajani kwangu.

"Mwanangu alikuwa na kiu, bwana," aliniambia. "Amekaa na kiu huko kwenu muda wote huo, nami sikujua. Angeniambia ningemtoa."

"Ndiyo maana sikukwambia," Rupsha alisema bila kufumbua macho.

Niliyachukua maoni hayo nikayafikisha panapohusika. Chuo kiliguswa sana. Wiki iliyofuata tulifanya semina iliyoitwa "Maji ni Uhai".

Huenda mambo yangeendelea kwa utulivu huo, kama Delhi isingetangaza kwamba wakaguzi wanakuja, na kwamba kila chuo kieleze kama choo cha jinsia ya tatu kipo au hakipo. Kamati, ambayo ilishindwa kufikia muafaka tangu kipupwe, ililimaliza suala kabla chai haijapoa. Ghorofa ya pili, ndani ya ofisi ya Makamu Mkuu, pembeni kabisa, palikuwa na choo chake binafsi: vigae vyeupe, taulo, sabuni ya msandali. Tukapachika kibao mlangoni: CHOO CHA JINSIA YA TATU. Ufunguo ukabaki kwenye droo ya Makamu Mkuu, kwa usalama. Hivyo choo kikawa kipo kisheria, ingawa hakipo kimatumizi, na Delhi ikajibiwa kwamba tumekamilisha.

Rupsha alitoka hospitali amekonda. Mama yake alitaka arudi nyumbani kwenye kitanda cha kufumia. Alikataa. Alirudi chuoni, na siku ile ile aliyorudi, Kamati ilipokuwa ofisini kwa Makamu Mkuu ikijipongeza, wanafunzi wakatuzingira.

Kwetu Bengal kuzingira ni jambo la kawaida. Mkubwa asipokusikia ukiwa umesimama, unamkalia mlangoni mpaka akusikie. Walijaa veranda, wakajaa ngazi yote hadi chini, wameketi sakafuni, wanaimba: "Chuo tunacho, choo je?" Polisi hatukuita. Profesa Lahiri mwenyewe, enzi za ujana wake, aliwazingira wakuu wa chuo wawili, na picha yake akiwa amenyoosha ngumi iko ukutani kwake mpaka leo.

Mwanzoni tulikaa vizuri. Palikuwa na chai, palikuwa na biskuti. Lakini Makamu Mkuu ana ugonjwa wa sukari, na daktari wake amemwamuru anywe maji mengi, naye ni mtu anayeheshimu wataalamu. Jua lilipopinduka akaanza kubadilisha mguu wa juu kuwa wa chini. Kisha akanyanyuka, akachukua ufunguo drooni, akaelekea kwenye ule mlango wa pembeni.

Profesa Bagchi akakohoa. "Mheshimiwa, unakwenda wapi?"

"Kunawa mikono."

"Choo hicho ni cha jinsia ya tatu. Tumeshaiarifu Delhi kwa maandishi. Ukiingia, ama taarifa yetu ilikuwa ya uongo," akasita kwa adabu, "ama tukupongeze."

Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kicheko kilianzia veranda kikashuka ngazi moja moja hadi uani.

Makamu Mkuu alisema huu ni upuuzi, choo ni chake. Profesa Bagchi akamkumbusha, kwa masikitiko makubwa, kuhusu waraka: kama ilivyoandikwa mlangoni, awe nani awe nani. Nami nilipoulizwa kama maneno hayo yamo kweli, nililazimika kusema yamo, tena yamepigiwa mstari. Ikapendekezwa kikao cha dharura cha kumpa kibali maalumu. Mwenyekiti akataka kwanza ibainishwe haja yenyewe ni ipi, ili ijulikane ni kamati ndogo gani yenye mamlaka.

"Ndogo," alisema Profesa Lahiri, kwa sauti ya mtu anayesali.

Bahati mbaya mkuu wa kamati ndogo ya haja ndogo alikuwa likizo milimani. Makamu Mkuu alishika ukingo wa meza. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Akanivuta kando akaninong'oneza kwamba katika chuo kizima mtu mwenye haki na choo kile ni mmoja tu. Niende nikamwombe atuazime.

Nimetumikia utawala maisha yangu yote, na sijawahi kutumwa kuazima choo. Nilimkuta Rupsha kwenye ngazi ya juu, ameegemea ukuta. Nikamweleza kwa lugha inayofaa kwamba uongozi una uhitaji wa muda mfupi wa rasilimali iliyo chini ya haki yake.

"Anataka kukojoa," Ishani akamtafsiria. Kisha akanigeukia. "Mwambie ajikaze, mzee Samaddar. Huyu amejikaza hadi figo zikaoza. Yeye hajamaliza hata mchana mmoja."

Wengine wakaitikia kwamba akae na haja yake, akae nayo. Rupsha akajishika kwenye ukuta, akasimama.

"Ngoja nikakione," alisema. "Sijawahi kukiona choo changu."

Aliingia, akawasalimu wazee wote kwa viganja vilivyokutana, akanyoosha mkono kwa Makamu Mkuu. Makamu Mkuu akampa ufunguo. Akafungua, akaingia, akajifungia.

Nasi tukakaa, wanaume wenye shahada za uzamivu, tukisikiliza maji yakitiririka. Alifungulia bomba, akalifunga, akalifungulia tena. Hakuwa na haraka. Alikaa kama mtu aliyefika kwao baada ya safari ndefu. Kila bomba lilipolia Profesa Lahiri alifumba macho. Alipotoka alikuwa amenawa uso, na macho yake yalikuwa mekundu, ama kwa sabuni ama kwa jambo jingine. Alijifutia taulo ya Makamu Mkuu, akaikunja vizuri, akairudisha.

"Binti yangu," alianza Profesa Lahiri.

"Mimi sikuzuii, Profesa," alisema Rupsha. "Naijua hali uliyo nayo, simwombei mtu, hata wewe. Unaozuia ni waraka, na sahihi ni yako. Ufute."

"Nitaunda..." Sentensi hiyo Makamu Mkuu ameimalizia mara nyingi katika utumishi wake. Safari hii mwili ulimkatalia. "Nimeufuta," alisema.

"Si humu ndani. Wasikie wote."

Basi akatoka veranda, hatua fupi fupi, mkono mmoja umeshika nguzo. Makamu Mkuu ni msemaji wa kutisha. Kwenye mahafali huanza na maandiko matakatifu ya Veda na kumalizia na bajeti. Hotuba yake ya siku ile ndiyo fupi kuliko zote. "Waraka nimeufuta," alitangaza. "Rupsha Bairagi ni mwanamke na vyoo vya wanawake ni vyake. Vibao vya milangoni havitamzuia mtu tena. Asanteni."

Shangwe ilipolipuka yeye alikwisha kurudi ndani. Akakuta ule mlango wa pembeni umefungwa. Waraka ulipofutwa tu, choo kilikuwa huru kwa wote, na Profesa Bagchi, ambaye naye alikuwa amekunywa chai, alitangulia.

"Bagchi, toka."

"Kuna mtu," ilijibu sauti, kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuwa karibu hivyo na madaraka.

Hapo ndipo Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kalindipur alipoteremka ngazi mbio. Rupsha alimtangulia akiwaambia wenzake wampishe, nao wakampisha, wakivuta miguu na mikoba. Choo cha wanaume kiko ng'ambo ya uwanja. Cha wanawake kiko pale pale ngazi inapoishia. Ishani aliingia akaangalia, akatoka akasema hakuna mtu, akamshikia mlango kama bawabu wa hoteli. Makamu Mkuu akaingia.

Baada ya muda ikasikika sauti yake, imerudiwa na uhai lakini ina mashaka.

"Jamani. Bomba hili halitoi maji."

"Tunajua," alisema Ishani.

"Na mlango hauna komeo. Nimeushikilia kwa mguu. Hali hii imeanza lini?"

Rupsha akausogelea mlango, akaweka mdomo karibu na ufa. "Suala lako limepokelewa, Profesa," alisema. "Linashughulikiwa."

Hata mimi nilicheka, jambo ambalo si sehemu ya majukumu yangu. Kisha Rupsha akaenda maabara ya fizikia, akajaza ndoo, akaileta mwenyewe akiinamia upande mmoja kwa uzito, akaisukuma ndani kwa mguu.

Waraka haukurudi tena. Kamati ingeweza kuufufua, lakini waliousikia ukifa walikuwa wengi mno. Vyoo vya wanawake vilipata maji na makomeo upesi kuliko mradi wowote ninaoukumbuka, maana ilikuwa mara ya kwanza taarifa ya uchunguzi kuandikwa na mtu aliyekuwa ndani. Jioni ile Rupsha aliketi kwenye ngazi na chupa kubwa ya maji, akainywa yote, Ishani akimwambia apunguze kasi. Figo zilichukua muda kupona, na mpaka leo zinamsumbua baridi ikija. Lakini alimaliza shahada yake, na mama yake alihudhuria mahafali amevaa sari aliyoifuma mwenyewe. Sasa Rupsha ni mhadhiri katika idara ile ile iliyogoma kwa ajili yake, na akiita majina ya darasa humuuliza kila mtu anataka aitweje.

Profesa Bagchi hakukipata kiti. Makamu Mkuu alipigwa picha akiingia choo cha wanawake, na magazeti yakaitoa ukurasa wa mbele. Tulidhani amekwisha. Delhi ikampongeza kwa kuonyesha mfano, ikamtunuku ngao, na tangu hapo anaalikwa nchi nzima kueleza ni nini hasa kilichomsukuma. Hulazimika kusimulia. Wasikilizaji huomba arudie.

Mimi nilipewa kazi ya kuandika sura ya historia ya Chuo inayohusu uelewa. Niliandika kwamba harakati zilianzia uongozini, na kwamba uelewa ulitoka juu. Kwa kuwa Rupsha ni mdau, nikampelekea rasimu aihakiki. Aliirudisha bila masahihisho. Aliniambia ni kweli kabisa, ulitoka juu, ghorofa ya pili, ukashuka ngazi mbio umebana mapaja, na wao ndio waliokuwa wameketi njiani wakaupisha.